Mba Iliyodhaniwa Ukavu: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchagua Mafuta ya Ndevu

Mteja na malalamiko yake

Mteja ni mwanamume aliye katika miaka ya thelathini, mwenye ndevu nyingi za kujisokota. Alikuwa amezifuga kwa miezi saba hivi, na ukizivuta zilinyooka hadi sentimita 7. Afya yake kwa jumla ni njema, hana mzio anaoufahamu na hatumii dawa yoyote. Jina, kazi na mahali anapoishi vimeondolewa.

Alikuja na malalamiko matatu. Ndevu zilikuwa ngumu kama waya, hasa kidevuni. Ngozi iliyo chini yake ilimwasha, zaidi jioni na kila alipotoka jasho. Na kila alipojikuna, unga mweupe ulimwangukia kifuani. Alivyoeleza mwenyewe: "Kadiri ninavyopaka mafuta, ndivyo panavyozidi kukauka."

Kauli hiyo inapaswa kumsimamisha yeyote anayeshauri watu kuhusu ndevu. Ngozi iliyokauka ikipakwa mafuta ya kutosha hutulia, hata kama ni kwa saa chache tu. Isipotulia, basi ama mafuta yale yanaiudhi, ama ukavu haukuwa tatizo tangu mwanzo. Kwa mteja huyu yalikuwa yote mawili.

Alichokuwa akitumia

Alijichanganyia mwenyewe chupa ya mililita 100: mafuta ya nyonyo mililita 50, ya nazi 25, ya zeituni 25. Juu yake aliongeza mafuta ya harufu, yaani yale makali yanayotolewa kwenye maganda na majani: matone 60 ya mnanaa na matone 40 ya limau.

Hesabu ya matone hayo inafaa kufanywa, kwa kuwa wengi hawaifanyi. Mililita moja ina matone 20 hadi 30, kutegemea mdomo wa chupa. Matone 100 ni kati ya mililita 3.3 na 5, yaani zaidi ya asilimia 3 ya mchanganyiko mzima. Kwa ngozi ya uso, kiwango cha busara ni asilimia 0.5, na asilimia 1 ndiyo mpaka. Alikuwa amevuka mpaka huo zaidi ya mara tatu bila kujua, kwa sababu tone huonekana kitu kidogo.

Alipaka kijiko kimoja cha chai asubuhi na kimoja jioni, juu ya ndevu kavu. Kijiko cha chai ni mililita 5, yaani matone 100 na zaidi, ilhali ndevu za urefu wake zinahitaji matone 6 hadi 8 kwa siku nzima. Ili kuondoa utelezi huo aliosha ndevu mara mbili kwa siku kwa sabuni ya kipande ya kuogea na maji ya moto, kisha akazikausha kwa mashine kwenye joto la juu. Maji ya nyumbani kwake ni magumu: sabuni haitoi povu kirahisi, na ndani ya birika kuna utando mweupe.

Chupa ya mafuta ilikuwa ya kioo cheupe na ilikaa dirishani bafuni.

Jinsi mambo yalivyofuatana

Miezi miwili ya kwanza hakuwa na shida yoyote. Hilo ni la kawaida. Tezi za mafuta zilizo kwenye ngozi hutoa kiasi kilekile cha mafuta, unywele uwe mfupi au mrefu. Unywele wa sentimita 1 au 2 hufikiwa na mafuta hayo hadi ncha. Ukirefuka, na hasa ukiwa wa kujisokota, mafuta hukwama karibu na shina na ncha hubaki kavu. Ndiyo maana mtu huona ndevu "zimebadilika" ghafla katika mwezi wa tatu, wakati hakuna kilichobadilika isipokuwa urefu.

Katika mwezi huo wa tatu alianza mafuta ya nazi peke yake, na kwa wiki mbili alifurahi. Kisha unga mweupe ukaonekana, kwanza kidevuni, halafu kando ya pua na kwenye nyusi. Aliuita ukavu. Mwezi wa nne akaongeza nyonyo, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba hujaza ndevu mashavuni. Mwezi wa tano akaongeza zeituni na mafuta ya harufu. Mnanaa ulimpa ubaridi uliotuliza mwasho kwa nusu saa hivi, naye akachukua ubaridi huo kuwa dalili ya kupona. Mentholi iliyomo kwenye mnanaa huamsha vihisio vya baridi kwenye ngozi na kuufunika mwasho kwa muda. Haiondoi kinachowasha.

Mwezi wa sita vilitokea vipele taya zote mbili na mabaka yaliyofifia rangi pembeni mwa midomo. Akaongeza mafuta, akaongeza sabuni.

Uchunguzi: kutenganisha ngozi na nywele

Jambo la kwanza lilikuwa kutogusa suala la mafuta kabisa hadi ijulikane tatizo liko wapi. Neno "ndevu kavu" hubeba mambo mawili yasiyofanana: ngozi iliyo hai, yenye tezi na kinga yake, na unywele ambao ni kitu kilichokufa tangu unapotoka kwenye ngozi. Mafuta yanayofaa kimoja yanaweza kukidhuru kingine.

Ngozi ilikaguliwa kwa kupanua ndevu kwa chanuo chini ya mwanga mkali. Magamba yalikuwa ya manjano kidogo, yenye unyevu wa mafuta, yameshikamana na ngozi. Magamba ya ukavu mtupu huwa madogo, meupe, na hupeperuka kwa pumzi. Mteja aliosha uso, akakaa saa mbili bila kupaka kitu, kisha kipande cha tishu kikabanwa kidevuni chini ya ndevu: kilitoka na alama ya mafuta iliyo wazi. Ngozi iliyokauka haifanyi hivyo. Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, haukuwa kwenye ndevu. Ulikuwa kwenye nyusi na kando ya pua, ambako magamba ya aina ileile yalionekana mahali ambapo hakuwa akipaka mchanganyiko wake.

Kwa mwenye ngozi nyeusi, wekundu ambao picha nyingi za mafunzo huutaja hauonekani kirahisi. Kinachoonekana ni mabaka yaliyofifia, au weusi uliozidi, au rangi inayoelekea zambarau. Mteja huyu alikuwa nayo mabaka yaliyofifia, na yeye aliyadhani ni makovu ya vipele.

Nywele zilikaguliwa kwa vidole. Sentimita 3 za karibu na ngozi zilikuwa na utando unaonata. Sentimita 2 za mwisho zilikuwa zimepasuka ncha na zilikwaruza, ingawa zilikuwa zimelowa mafuta. Kidevuni nywele zilikuwa zimefungana vibonge.

Picha hii yote ilielekeza kwenye mba ya ngozi yenye mafuta, ile ambayo madaktari huiita dematiti ya seborea. Mteja alielekezwa kwa daktari wa ngozi, naye alithibitisha. Rufaa hiyo haikuwa adabu tu. Fangasi wa ndevu anayetoa usaha na kung'oa nywele kwa mabaka, na vilevile maambukizi ya bakteria, vinaweza kufanana na hali hii mwanzoni, navyo haviponi kwa kubadilisha mafuta. Palipo na maumivu, uvimbe, usaha, homa au nywele zinazotoka kwa duara, kwanza ni daktari.

Maamuzi na sababu zake

*Kuacha mafuta yote kwa siku 10.* Vitu vitano vilikuwa juu ya ngozi moja kwa wakati mmoja. Kuondoa kimoja kimoja kungechukua miezi, na kila kimoja kilikuwa na sababu ya kushukiwa.

Fangasi wa Malassezia huishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima. Hawawezi kujitengenezea asidi za mafuta, hivyo hula zile wanazozikuta, hasa zenye mnyororo wa kaboni 11 hadi 24. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa karibu nusu yake, ambayo ina kaboni 12. Zeituni ni asidi ya oleiki kwa sehemu kubwa, yenye kaboni 18. Fangasi hawa wanapoyavunja mafuta huachia asidi ya oleiki huru, na hiyo kwa watu wenye mwelekeo wa mba huingia kwenye tabaka la juu la ngozi, huliharibu na kulifanya libanduke. Mteja alikuwa akiwapikia fangasi na kuiongezea ngozi kichokozi kwa mkupuo mmoja.

Limau nalo lilikuwa na madhara yake. Mafuta ya limau yaliyokamuliwa maganda yakiwa mabichi yana kemikali zinazoweza kuunguza ngozi zikikutana na jua, ndiyo maana kiwango chake kwenye kitu kisichooshwa huwekewa mpaka wa asilimia 2. Mchanganyiko huu ulikuwa ukingoni mwa mpaka huo. Tena limonini iliyo ndani yake, ikikaa kwenye mwanga na hewa, hugeuka kuwa viambata vinavyosababisha mzio. Dirisha la bafuni lilikuwa limefanya kazi hiyo kwa miezi.

*Kubadilisha sabuni kabla ya kubadilisha mafuta.* Sabuni ya kipande huwa na pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ya 9 hadi 10. Ngozi yenye afya iko karibu na 5. Alkali huvimbisha unywele na kuinua magamba yake ya nje, nao ukikauka hubaki umekwaruzika. Kwenye maji magumu sabuni huungana na kalsiamu na magnesi kutengeneza utando usioyeyuka, na utando huo hukaa juu ya nywele. Ugumu ambao mteja aliulaumu ukavu ulitokana na utando huo kwa kiasi kikubwa. Mafuta yaliyopakwa juu yake yalinata tu.

Alipewa utaratibu huu: shampuu isiyo ya alkali, maji ya vuguvugu, mara moja kila siku ya pili. Kwa siku tatu za kwanza alitakiwa kuosha mara mbili mfululizo, kwa sababu povu la kwanza huzimwa na mafuta yaliyopo na halisafishi kitu. Nyonyo ni nzito kiasi cha takriban mara kumi ya zeituni, na haitoki kwa povu moja. Vibonge vya kidevuni vilifunguliwa kwa vidole vikiwa na kondishena ndani, kuanzia ncha kuelekea juu. Kuvilazimisha kwa chanuo vikiwa vikavu kungekata nywele.

*Kondishena kuanzia katikati ya unywele hadi ncha, dakika 3, kisha kusuuza.* Watu wengi wanaotafuta mafuta ya kulainisha ndevu wanatafuta, bila kujua, kondishena. Unywele ulioharibika una chaji hasi. Kondishena ina viambata vyenye chaji chanya vinavyoushika na kulaza magamba yake. Mafuta hayana uwezo huo. Mafuta hupunguza msuguano na kuchelewesha maji kutoka, basi. Kinacholainisha unywele kwa kweli ni maji yaliyo ndani yake.

*Dawa.* Daktari aliagiza shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kupambana na fangasi, ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki kwa wiki nne. Mteja alifundishwa kuifikisha kwenye ngozi kwa ncha za vidole, kuiacha dakika 3 hadi 5, kisha kusuuza. Wenye ndevu wengi huipaka juu ya nywele na kuisuuza papo hapo, halafu wakasema dawa haifanyi kazi. Kwa kuwa shampuu hii hukausha nywele, alipaka kondishena kwenye ncha kabla ya kuitumia.

*Mafuta mawili kwa sehemu mbili.* Baada ya siku 10 ndipo swali la mafuta lilipofunguliwa, na lilijibiwa mara mbili.

Kwa ngozi ilichaguliwa skwalani peke yake, matone 3, mara moja kwa siku. Hii ni ndugu wa skwaleni, ambayo ni karibu asilimia 12 ya mafuta ambayo ngozi yenyewe hutoa, isipokuwa imeongezewa haidrojeni ili isioze kwa hewa. Haina asidi za mafuta, kwa hiyo Malassezia hawana cha kula humo. Ni nyepesi, haina harufu, haiachi mng'ao.

Kwa nywele ilichanganywa chupa ya mililita 30: mafuta ya jojoba mililita 20, ya argani mililita 10, bila harufu yoyote. Jojoba kwa kemia yake ni nta ya majimaji, na nta za namna hiyo ni karibu robo ya mafuta ya ngozi ya binadamu. Hukaa juu ya unywele bila kunata na hustahimili joto na hewa kwa muda mrefu. Argani, yenye asidi za mafuta za oleiki na linoleiki, iliongezwa kwa ajili ya utelezi kwenye zile ncha zilizopasuka. Ilibaki theluthi moja tu kwa sababu ya hiyo oleiki, na ilipigwa marufuku kugusa ngozi: kuanzia sentimita 2 kutoka usoni kwenda nje.

*Namna ya kupaka.* Hapa mteja alihitaji muda zaidi kuliko kwenye mafuta yenyewe. Baada ya kuosha, ndevu hukandamizwa kwa taulo bila kusuguliwa, hadi ziwe na unyevu lakini hazidondoshi maji. Matone 3 ya skwalani husambazwa kwenye ncha za vidole na kufikishwa kwenye ngozi, taya, chini ya kidevu, kisha chini ya midomo. Halafu matone 4 ya mchanganyiko wa nywele husuguliwa viganjani hadi viganja ving'ae kidogo, na nywele hubanwa katikati yake kuelekea ncha. Chanuo lenye meno mapana humalizia, likianzia ncha. Mashine ya kukaushia, ikibidi, ni kwa joto la chini na umbali wa sentimita 20.

Kipimo cha kiasi ni rahisi: baada ya dakika 10, tishu ikibanwa kwenye ndevu isitoke na mafuta. Ikitoka, kesho punguza tone moja.

Matokeo

Siku tano za kwanza ndevu zilizidi kuwa ngumu. Mteja alikuwa ameonywa kwamba itakuwa hivyo, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa yakificha hali halisi yaliondolewa kabla utando wa sabuni haujaisha. Bila onyo hilo angerudi kwenye chupa yake ya zamani siku ya tatu. Alikiri kwamba aliishika mkononi.

Mwasho ulipungua mwishoni mwa wiki ya kwanza na ukakoma katika wiki ya tatu. Magamba ya nyusi na pua yaliondoka kwanza, ya kidevuni mwisho. Vipele vya taya viliisha bila dawa nyingine. Mabaka yaliyofifia yalichukua zaidi ya miezi miwili kurudi rangi, na ndivyo huwa. Rangi hurudi polepole hata ugonjwa ukiwa umeisha.

Nywele zilianza kulainika wiki ya tatu, lakini zile sentimita 2 za mwisho hazikubadilika. Mafuta yaliongezwa kwa tone moja, kisha mawili, bila faida isipokuwa mng'ao. Wiki ya tano zilikatwa. Nywele za ndevu hurefuka kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo ncha ile ilikuwa imepitia miezi yote ya sabuni, joto na kukwaruzwa. Ncha iliyopasuka haina namna ya kuungana tena.

Maji magumu yalishughulikiwa kwa kusuuza mara moja kwa wiki kwa siki: kijiko kimoja cha chakula kwenye nusu lita ya maji, kumwagiwa kwenye nywele, kisha kusuuzwa. Hilo lilianza wiki ya nne, ngozi ilipokuwa imefunga. Siki juu ya ngozi iliyochubuka ni maumivu ya bure.

Mteja aliendelea na ketokonazoli hata baada ya zile wiki nne, kisha wiki ya nane akaiacha kabisa, kwa kuwa hakuona tena sababu. Wiki ya kumi magamba yalirudi kidevuni. Alirudia dawa, na sasa anaitumia mara moja kila baada ya wiki mbili. Mba ya aina hii hudhibitiwa. Fangasi wake ni wakazi wa kudumu wa ngozi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kutenganisha ngozi na nywele ndiko kulikofungua kisa. Ushauri mwingi wa mafuta ya ndevu hutafuta chupa moja ya kufanya kila kitu, na kwa mwenye ngozi isiyo na shida chupa moja inatosha kabisa. Mwenye mba hawezi kupata nafuu hiyo, kwa sababu mafuta yenye asidi zinazofaa ncha ndiyo hayohayo yanayolisha tatizo kwenye mzizi.

Kubadilisha sabuni kulileta zaidi ya mafuta yoyote. Lau mteja angebaki na ile sabuni ya kipande na maji ya moto mara mbili kwa siku, skwalani na jojoba zingeoshwa zote, na angesema hizo nazo hazifai.

Kupaka juu ya ndevu zenye unyevu kulipunguza kiasi kutoka vijiko viwili hadi matone 7 kwa siku. Mafuta hayana maji ndani yake. Yakipakwa kwenye unywele mkavu huyafungia maji nje, na jioni mtu hurudia kupaka.

Kilichoshindwa, na kwa nini

Mpango wa awali ulimruhusu mteja, baada ya zile siku 10, kurudia mafuta ya nazi kama matibabu ya ncha kabla ya kuosha, nusu saa mara moja kwa wiki. Msingi wake ulikuwa mzuri. Molekuli za asidi ya lauriki ni ndogo na zimenyooka, huingia ndani ya unywele, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba nazi hupunguza upotevu wa protini ya nywele kuliko alizeti na mafuta ya madini. Kilichosahauliwa ni joto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hadi 26, nayo yaliyopakwa yakiwa yameganda kwenye ncha yaliyeyuka ndani ya dakika chache na kutiririka hadi shingoni. Magamba yalionekana mahali hapo katika wiki mbili. Kwa mtu asiye na mba, matibabu haya ni mazuri na yanastahili kupendekezwa. Kwa huyu yaliondolewa.

Kigezo cha namba za kuziba vitundu, zile za 0 hadi 5 zinazozungushwa kila mahali kuonyesha jinsi kila mafuta yanavyoziba vitundu vya ngozi, hakikutumika, na ni vizuri hakikutumika. Zilitokana kwa sehemu kubwa na vipimo vya masikio ya sungura, na hazitabiri vizuri kitakachotokea kwenye kidevu cha mtu. Kinachotabiri zaidi ni kiasi kinachopakwa na muda kinachokaa.

Kama hali ingekuwa tofauti

Mteja mwenye ngozi kavu kweli, yenye unga mweupe mkavu na tishu isiyo na alama, angepewa mafuta tofauti. Hapo alizeti yenye linoleiki nyingi ingekuwa chaguo la kwanza la ngozi, kwa kuwa linoleiki husaidia kinga yake. Zeituni isingekuwamo: utafiti wa mwaka 2013 uliolinganisha mafuta haya mawili kwenye ngozi ya watu wazima ulionyesha kwamba zeituni hudhoofisha tabaka la juu, ilhali alizeti hulihifadhi. Kasoro ya alizeti na mbegu za zabibu ni kuoza haraka. Zinunuliwe kidogo, ziwekwe kwenye chupa nyeusi mbali na joto, na zikianza kunuka uchachu zimwagwe. Mafuta yaliyooza huchokoza ngozi. Vitamini E kwa asilimia 0.5, yaani mililita 0.15 kwenye chupa ya mililita 30, huchelewesha uozo huo.

Mwenye ndevu za chini ya sentimita 2 hahitaji mafuta ya nywele. Matone 2 au 3 ya mafuta ya ngozi yatafika kote.

Mteja alitamani harufu irudi. Wiki ya kumi na mbili, ngozi ikiwa imetulia tena, aliruhusiwa mierezi kwa asilimia 0.5, sawa na matone 3 kwenye chupa ya nywele, baada ya kuijaribu ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa siku saba. Jaribio la siku moja halitoshi, kwa sababu mzio wa ngozi mara nyingi hujitokeza baada ya saa 24 hadi 72, na wakati mwingine huhitaji kurudiwa. Haikumletea shida.

Nyonyo nayo haikutupwa. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba huotesha ndevu mashavuni. Wingi wa ndevu huamuliwa na urithi na homoni. Lakini uzito wake ni faida mahali ambapo mtu anataka nywele zishikane. Mteja sasa huweka tone moja la nyonyo kwenye matone 9 ya jojoba, na kiasi cha kulowesha ncha za vidole viwili huzituliza ncha za masharubu siku nzima.